Santuri au digitali? Nimekaa miezi nane na santuri za marehemu mzee, njooni tuongee

Mleta uzi (Tanga):

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu huu, mwenye haraka aupitie wikiendi.

Kila mtu akiweka picha ya santuri humu mjadala ni ule ule, wengine wanasema santuri ina sauti nene, tamu, ina uhai, digitali imepooza, wengine wanasema hizo ni kumbukumbu za utotoni tu pale hakuna kitu zaidi ya mikwaruzo. Mi nilikuwa napita kimya maana sikuwa na cha kusema. Ila mwaka jana baada ya arobaini ya mzee tulipogawana vitu vyake hakuna aliyezitaka zile boksi mbili za santuri, nikazichukua mimi, nimekaa nazo karibu miezi nane sasa na kiukweli zimenibadilisha mawazo, tena sio kwa upande niliotegemea.

Nyingi ni zile ndogo za 45 (mizunguko 45 kwa dakika) zenye tundu kubwa katikati, zilizochapwa Nairobi miaka ya 70, bendi za kina Wanyika na Wakongo waliohamia Kenya, halafu LP (zile kubwa za albamu) chache za Franco na TPOK Jazz ya Kongo, na chini kabisa saba nzito za 78 za taarab, zile zinazovunjika kama kigae. Zote zilikaa juu ya kabati kwenye chumba ambacho bati linapigwa na jua kutwa nzima. LP mbili ukingo umepinda, ukizizungusha unaona mkono wa pleya unapanda na kushuka kama ngalawa.

Nilianza na pleya ya mzee mwenyewe. Juu ya kichwa cha sindano kulikuwa na senti hamsini imefungwa kwa selotepu. Wengi humu mtaikumbuka hiyo, sindano ikiruka unaweka sarafu inatulia. Inatulia kweli, ila unachofanya ni kuikandamiza sindano mara mbili tatu ya uzito wake na kila inapopita inachonga kuta za mfereji. Katriji (hivyo vichwa vinavyobeba sindano) nyingi za sasa zinataka gramu moja na nusu mpaka mbili tu. Kwahiyo zile nyimbo mzee alizozipenda kuliko zote ndo zimechoka kuliko zote, zile asizozijali ziko kama zimetoka dukani juzi. Iliniuma sana kugundua hilo. Wimbo aliokuwa anaupiga kila Jumapili asubuhi umebaki sauti kama ya mtu anayeimba nyuma ya bati.

Binamu yangu aliye Marekani akanitumia pleya nzuri, nikanunua transfoma ya kushusha umeme kwenda 110, nikawasha, sauti ya mwimbaji ikatoka nzito kama ya mgonjwa. Nikahangaika siku mbili. Kumbe transfoma inashusha volti lakini haigusi mizunguko ya umeme, wao wana 60 kwa sekunde sisi 50, na ile mota inafuata mizunguko hiyo, kwahiyo santuri ya kuzunguka 33 kwa dakika ilikuwa inazunguka kama 28. Mwenye mpango wa kuletewa pleya kutoka kule aulize kwanza kama mota yake haitegemei hilo. Nikaishia kupata nyingine iliyotumika, ya kutoka Uingereza ambako umeme wao ni 50 kama wetu, ndo ninayotumia mpaka leo.

Sasa jaribio lenyewe. Nilichukua 45 moja iliyo safi, nikaiosha, nikaipiga huku naiingiza kwenye laptopu, kisha nikaishusha mpaka kiwango cha CD cha kawaida kabisa, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila kimoja biti 16. Afu nikaiweka santuri inapiga na nakala inapiga, zote zinaingia kwenye amplifaya moja, spika zile zile, dada yangu anageuza swichi mi nimekaa nimempa mgongo, nasema hii santuri, hii laptopu, yeye anaandika.

Mara ya kwanza nilipata 10 kwa 10. Nikajisifu sana. Dada ndo akaniambia kaka mbona laptopu iko chini kidogo? Kweli, ilikuwa chini kidogo sana, na sikio likisikia kilicho juu linadhani ndo bora. Tukasawazisha vizuri, tukarudia mara 20, nikapata 9. Hapo nilikuwa nabahatisha tu. Kila nilichokuwa nakipenda kwenye santuri, ule unene wa besi, lile gitaa la rithim linalokatakata kwa chini, hata ile mikwaruzo midogo, vyote vilikuwemo ndani ya faili.

Nilikaa kimya muda mrefu baada ya hapo. Maana kama digitali imeweza kubeba kila kitu cha santuri bila mi kujua, basi kile tunachokichukia tukisema "digitali" sio digitali yenyewe. Ni kitu kingine.

Nadhani nakijua. Chukua wimbo ule ule mzee alionao, utafute mtandaoni. Niliotafuta mimi zaidi ya nusu ni hivi: mtu alichukua santuri iliyochoka, au kaseti iliyonakiliwa dukani kutoka kaseti nyingine, spidi imepanda karibu nusu sauti, akaibana kuwa MP3 ya 128, akaipandisha, mwingine akaishusha akaibana tena, ndo ikaingia kwenye flashi ya basi. CD ina kilobiti 1,411 kwa sekunde, hiyo ya 128 ni kama sehemu moja ya kumi na moja, na ikibanwa tena juu yake matoazi yanakuwa kama maji yanayochemka. Halafu tunaisikiliza hiyo kwenye sabufa tunasema digitali imeua muziki wa zilipendwa. Sisi wenyewe ndo tumeunakili vibaya.

Naomba kuwasilisha, nitarudi kujibu.

Mdau wa Nairobi:

Mkuu hii uzi nimeisoma mara mbili. Mimi hununua zangu pale Kenyatta Market na nakubaliana na wewe kwa mambo mengi, lakini kuna kitu umeruka. Hizo 45 zetu wimbo ulikuwa unakatwa, Part 1 upande huu, Part 2 upande ule, na Part 2 ndio gitaa zinafunguka watu wanacheza. Ile dakika ya kuinuka ugeuze, kila mtu amesimama katikati ya nyumba anangoja, hiyo faili haiwezi kukupa. Vijana wangu wanasikiliza nusu ya wimbo wanaruka kwingine.

Halafu swali la kiufundi. Nimesoma kwamba digitali inachukua sauti vipande vipande kama ngazi, na santuri ni mstari mmoja usiokatika. Sasa hata kama ngazi ni ndogo si bado ni ngazi?

Mleta uzi:

Hilo la kugeuza nakubali kabisa, na sina ubishi nalo. Mzee alikuwa hataki mtu mwingine aguse, anainuka mwenyewe, anaishika kwa ukingo kwa viganja viwili, anapuliza, anaweka. Sisi watoto tulikuwa tunajua tusiongee. Huo ni usikivu tulikuwa nao na tumeupoteza, ila ni tabia yetu sisi wasikilizaji, haiko ndani ya mfereji.

Kuhusu ngazi, hata mi niliamini hivyo miaka mingi kwa sababu ya ile michoro. Michoro inadanganya. Zile sampuli ni nukta tu, sio vidato, na kifaa cha kugeuza kuwa sauti hakichori ngazi, kinapitisha mstari laini katikati ya nukta zote, na kihesabu mstari huo ni mmoja tu unaowezekana mradi uchukue sampuli zaidi ya mara mbili ya sauti ya juu kabisa unayotaka kuihifadhi. Ndo maana CD ikachagua 44,100, ili ifike kidogo juu ya mitikisiko 20,000 kwa sekunde ambako sikio la binadamu linaishia, na mtu mzima wa umri wangu mara nyingi hafiki hata 15,000. Kinachotoka kwenye waya ukikipima ni wimbi laini kabisa, hakuna kona.

Na huo mstari usiokatika wa santuri nao una mambo yake. Kwanza sauti haiingii kwenye santuri kama ilivyo. Besi ikichongwa na nguvu zake zote mfereji ungetanuka mpaka ugongane na jirani yake, kwahiyo inapunguzwa, na sauti za juu zinaongezwa, halafu pleya inapopiga lazima kuwe na priampu ya kugeuza hesabu hiyo. Kanuni hiyo inaitwa RIAA, imekuwa kawaida tangu 1954. Ukichomeka pleya kwenye tundu la kawaida la amplifaya bila kupitia lile lililoandikwa PHONO utasikia sauti nyembamba kama redio ndani ya kopo, na nimekuta watu wawili hapa Tanga waliouza pleya zao wakidhani zimekufa kumbe ni hilo tu.

Pili, santuri inachoka kuelekea katikati. LP inazunguka spidi moja lakini duara linapungua, pembeni kabisa sindano inasoma kama nusu mita ya mfereji kwa sekunde, mwishoni karibu na lebo inasoma sentimita 20 na kitu. Mambo yale yale yamesongamana kwenye nafasi isiyofika nusu. Ndo maana wimbo wa mwisho wa kila upande herufi "s" zinachana na vinanda vinakwaruza. Kwenye CD wimbo wa mwisho ni sawa na wa kwanza.

Mdau wa Arusha:

Mkuu kwa heshima, sikio lako au mashine yako ndo tatizo. Mi nina mfumo wa hela ndefu, santuri yangu na CD yangu ya albamu ile ile ni mbingu na ardhi, mtoto mdogo atakwambia. Hiyo unaielezaje?

Mleta uzi:

Nakuamini mkuu, tena nimekutana na hilo hilo. LP moja ya mzee nikaitafutia CD yake, LP ikaishinda CD mchana kweupe. Ila mi sikulinganisha hivyo kwenye jaribio langu, mi nililinganisha santuri na nakala ya santuri hiyo hiyo. Wewe unalinganisha kazi mbili tofauti za mafundi wawili tofauti. Kuanzia miaka ya 90 makampuni yalishindana nani CD yake itapiga kelele zaidi redioni, wakaibana sauti mpaka sehemu ya kunong'ona na sehemu ya kupaza zikawa sawa, ngoma haina mpigo tena. CD ina nafasi ya desibeli kama 96 kati ya ukimya na kelele, santuri nzuri 60 mpaka 70 hivi, yaani CD ndo ilipewa uwanja mkubwa halafu fundi akachezea kwenye kona moja. Hapo kweli LP inashinda, mi mwenyewe nasikiliza LP kwa albamu hiyo, na ukiinakili LP yako vizuri nakala nayo itaishinda CD yako.

Na hili la mashine ya hela ndefu, kumbuka kilichotokea 2022. Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayoheshimika sana kwa kuchapa santuri za bei kubwa kutoka kwenye mikanda ya asili, ilibidi ikiri kwamba nyingi ya santuri hizo zilipitia hatua ya digitali kabla ya kuchongwa. Wanunuzi wenye mifumo ghali kuliko nyumba yangu walikuwa wamezisifia kwa miaka kwamba ndo utamu halisi wa analogi, yaani sauti isiyopita digitali. Sisemi walikosea kuzisifia. Zilikuwa tamu kweli. Digitali ilikuwa ndani yake na utamu haukuondoka.

Mdau wa Mombasa:

Wanangu naona mwaongea vizuri, nami niseme langu. Bibi yetu alikuwa na gramafoni ya kutia ufunguo hapa Mji wa Kale, na sindano zake za chuma ndani ya kikebe, kila upande mmoja ukisha yatolewa sindano yatiwa nyengine. Sahani zake zilikuwa za taarab, na moja ya Siti binti Saad aliyoithamini kama dhahabu. Mimi ninayo hadi leo ile sahani, lakini ina ufa na ina ukungu mweupe, nayo sijaipiga miaka mingi. Nataka kuipangusa na spiriti kisha mjukuu ainakili kwa simu. Je itafaa?

Mleta uzi:

Shikamoo mama. Nimekimbia kuja kujibu hii kabla ya kitu chochote, TAFADHALI USIIPANGUSE NA SPIRITI. Hizo za 78 sio plastiki kama za baadae, ndani yake mna lakiri, ile utomvu wa wadudu inayotengenezea vanishi, na spiriti inaiyeyusha. Utaiona ikigeuka rangi mkononi na sauti ndo imeondoka hivyo. Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, kila upande kama dakika tatu tu, yeye amefariki 1950, na sahani hizo nyingine huenda zimebaki za kuhesabu. Hiyo yako usiiguse kwa haraka.

Ninavyofanya mimi: maji yaliyokenekwa (distilled) ya kuongezea betri, sio tindikali yake, ya baridi, tone moja la sabuni ya vyombo kwenye bakuli, kitambaa laini, unafuata mzunguko wa mfereji usikate katikati, lebo isiguse maji hata kidogo maana karatasi inatoka. Kisha maji matupu, kisha unaisimamisha ikauke kivulini. Sahani yenye ufa mi silowanishi kabisa, naipitisha brashi laini kavu basi, kwasababu maji yakiingia kwenye ufa yanapanua.

Na kwa sindano, ile ya gramafoni ya chuma isiiguse tena, itakula kilichobaki. Wala sindano ya LP haifai, mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu, sindano ndogo inazama mpaka chini kabisa inakokota takataka ndo maana watu husikia shwaaa tupu wakadhani sahani imekufa. Kuna sindano yake maalum, nimeinunua mwaka huu, nilipobadilisha kwenye zile saba za mzee nikasikia mtu anavuta pumzi kabla ya kuanza kuimba. Sijawahi kumsikia huyo mtu akipumua maisha yangu yote, na wimbo naujua tangu utoto.

Kunakili kwa simu mbele ya spika usifanye mama, utapata sauti ya chumba na feni na majirani.

Mdau wa Nairobi:

Shikamoo mama, na pole na hiyo ufa. Mleta uzi hebu tupe basi hizo hatua za kunakili, nina boksi tatu hapa na watoto hawatazitaka.

Mleta uzi:

Pleya, priampu, kisha kijisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta kwa waya wa USB, hicho ndo kitu cha kununua kipya, programu za kurekodi za bure zipo na zinatosha kabisa. Rekodi kwa biti 24, sampuli 96,000, sio kwamba utasikia tofauti, ni ili uwe na nafasi ya kukosea kiwango bila sauti kupasuka. Weka kilele cha sauti chini kidogo, usifukuzie juu. Hifadhi kwa FLAC, inapunguza ukubwa bila kutupa kitu, MP3 tengeneza baadae kwa ajili ya simu. Na nakala ya kwanza isiyosafishwa usiifute kamwe, maana hizi programu za kuondoa mikwaruzo ukizizidisha zinaondoa na matoazi, na kesho kutwa kutakuwa na programu bora kuliko ya leo.

Spidi hakikisha kabla hujaanza. Na piga picha lebo pande zote mbili, namba, majina ya watunzi, hata kalamu ya mtu aliyeandika jina lake. Hili kwa upande wetu Tanzania ni muhimu zaidi, bendi zetu nyingi zilirekodiwa na Radio Tanzania kwenye mikanda na kuchapa santuri mara nyingi ilibidi kupitia Nairobi, halafu mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa 1977 na hilo nalo likawa gumu. Kuna nyimbo zimebaki kwenye mkanda tu, na kuna nyingine zimebaki kwenye 45 ya mtu mmoja iliyo juu ya kabati lake chini ya bati.

Santuri zenu msizitupe baada ya kunakili, mi bado kila Jumapili naweka moja, ile senti hamsini nimeibandua nimeiweka kwenye droo. Ila ule wimbo wa mzee uliochoka nimeacha kuupiga. Nilipata 45 yake nyingine safi kwa mtu wa Korogwe, nikaipiga mara moja tu kwa ajili ya kunakili, na nakala ndo tunayosikiliza nyumbani sasa. Mama yangu alikuwa jikoni siku ya kwanza nilipoiweka, akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka Part 1 ikaisha, akauliza, "Unaigeuza wewe au niigeuze?"

Mdau wa Mombasa:

Marahaba wanangu. Nimeirudisha chupa ya spiriti. Je niilete Tanga? Nina mwanangu aja huko mwezi ujao kwa basi.

Mleta uzi:

Ilete mama, tafadhali. Iweke kwenye bahasha yake, kadibodi ngumu mbele na nyuma kubwa kuliko sahani, zifungwe kwa kamba zisicheze, halafu isafiri imesimama, isilazwe, na aishike mapajani asiiweke kule juu ya mizigo wala karibu na injini. Ule ufa utagonga mara 78 kwa dakika, hilo halitazuilika wakati wa kupiga, lakini kwenye kompyuta mlio mmoja mmoja nitautoa kwa mkono. Ni dakika tatu, milio kama 230. Nitakaa nayo usiku mmoja au miwili, namba yangu nakutumia inbox.